Watu wanakatiza uani kwangu Ufukoni, Mtwara: niwazuie vipi bila kuvunja sheria?

MamaWaUfukoni

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri katika jambo linalonisumbua mimi na mama yangu mzazi, ambaye ndiye anayeshinda nyumbani na watoto ninapokuwa kazini. Tunaishi kata ya Ufukoni, hapa Mtwara mjini, katika kiwanja kilichopimwa ambacho tulikinunua kwa maandishi yaliyoshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, ingawa hati miliki yenyewe bado haijatoka. Mbele tumeweka uzio wa makuti na geti la mabati, lakini ubavuni na nyuma pako wazi, pana mikorosho na mwembe mmoja mkubwa.

Kabla hatujajenga, watu walikuwa wakikatiza katikati ya kiwanja hiki kushuka pwani, na mpaka leo wapo wanaopita, asubuhi wakienda kusubiri samaki na jioni wakirudi. Hao hawanisumbui sana, kwa kuwa wengi ni majirani na hupiga hodi. Wanaonisumbua hasa ni wengine. Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Oktoba hivi, huingia watu nisiowafahamu kuokota korosho na mabibo, na mama akiwakemea humjibu kwamba korosho iliyodondoka haina mwenyewe. Usiku nako kuna vijana wanaokaa chini ya mwembe wakinywa na kuvuta, karibu kabisa na dirisha la chumba cha watoto. Nikitoka na tochi huondoka, kisha hurudi.

Ushauri niliopewa mpaka sasa ni wa kutisha. Jirani mmoja aliniambia nifukie mbao zenye misumari mchangani, mwingine alisema nitundike kago, yaani dawa ya kichawi ya kulinda mali, kwenye mikorosho ili waogope, na kaka yangu anataka alete mbwa wakali waachiwe usiku na mchana. Sitaki kumuumiza mtu, na sitaki nije kugeuka mshtakiwa kwa jambo lililoanza nikiwa mlalamikaji. Sheria inaniruhusu kufanya nini, nianzie ofisi gani, na je, wale wapitaji wa pwani nina haki ya kuwafungia?

Mtendaji_Mstaafu

Mwanangu, pole kwa usumbufu, na umefanya vema kuuliza kabla ya kufukia misumari. Nilikuwa afisa mtendaji wa kata, Masasi na baadaye Newala, na malalamiko ya namna hii niliyasikiliza kwa miaka mingi. Mengi yalikwama mahali pamoja: mlalamikaji alikuwa na uhakika kabisa wa mpaka wake, lakini tulipokwenda kiwanjani hakuweza kutuonyesha unapoanzia na unapoishia. Mtu aliyeingia anaposema, "Sikujua kama hapa ni kwa mtu," na pale chini hakuna jiwe, hakuna ua wala kibao, ofisi haina la kumjibu.

Kwa hiyo anza na mpaka. Kwa kuwa kiwanja kimepimwa, kila pembe inapaswa kuwa na bikoni, yaani jiwe la mpaka, yenye namba, na ramani ya upimaji ipo katika idara ya ardhi ya Manispaa. Zitafute bikoni zote. Ikiwa mojawapo imepotea au imefukiwa, usiirudishe wewe mwenyewe kwa kukisia, na wala usimruhusu fundi wa uzio afanye hivyo, maana kuhamisha au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai na pia ni mwanzo wa ugomvi na jirani ambaye leo hamna neno naye. Omba mpima aje, waite majirani wa pande zote pamoja na mwenyekiti wa mtaa, washuhudie mpaka ukionyeshwa, na kilichoonekana kiandikwe na kusainiwa. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko unavyodhani, hasa kwako wewe ambaye hati bado haijatoka. Wakati huohuo fuatilia hati yenyewe, usiiache ikalala.

Baada ya hapo ndipo umweleze mwenyekiti wa mtaa malalamiko yako kwa maandishi, na uombe atangaze katika mkutano wa mtaa kwamba kiwanja hicho ni makazi ya watu, si njia wala si kijiwe. Usidharau tangazo la mkutano. Kijana aliyesikia jina la mtaa wake likitajwa mbele ya wazee hurudi nyumbani na kuulizwa na mama yake, na hilo huweza kuyamaliza mambo kabla ya polisi kuhitajika. Bandika pia kibao kinachosomeka vizuri, HAKUNA NJIA, MAKAZI YA WATU, kila upande ulio wazi. Watu wamezoea kuandika ukutani NYUMBA HII HAIUZWI kwa kuogopa matapeli, lakini kibao cha kuzuia kupita hawakioni kuwa na maana, ilhali ndicho kinachomwondolea mtu kisingizio cha kutojua.

Kuhusu korosho, maneno hayo nimeyasikia tangu Masasi na si ya kweli hata kidogo. Korosho haichumwi mtini kama embe, bali huiva, hudondoka pamoja na bibo lake, ndipo mwenye shamba akaiokota. Kama iliyodondoka ingekuwa haina mwenyewe, hakuna mkulima wa Tandahimba angekuwa na kilo moja ya kupeleka chama cha msingi. Iliyo chini ya mkorosho wako ni mali yako, na anayeichukua bila ruhusa anaiba.

Kago liache kabisa. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetishia wenzake kwa uchawi, hata kama alichotundika ni kitambaa chekundu na kibuyu kitupu. Zaidi ya hapo, mtoto wa jirani akiugua wiki hiyo, nyumba yenu ndiyo itakayonyooshewa kidole, na mama yako mzee ndiye atakayekuwa hatarini. Nimeona familia zikihama kwa sababu ya uvumi wa namna hiyo, na liliniumiza kuliko kesi nyingine yoyote.

Sheria_Kusini

Naunga mkono aliyoyasema mzee hapo juu, nami niongeze upande wa sheria, kwa sababu watu wengi hufika kituoni wakitarajia kwamba kila aliyekanyaga kiwanja chao atakamatwa.

Kosa la kuingia kwa jinai limo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu ambacho wengi wanakifahamu kama cha 299. Kosa hilo halikamiliki kwa kukanyaga ardhi ya mtu tu. Lazima aliyeingia awe na nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye kukalia mahali hapo. Au awe aliingia kihalali, kisha akakataa kutoka akiwa na nia hiyo. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi mitatu, na hufika mwaka mmoja ikiwa mahali palipoingiliwa ni jengo la kuishi watu, la ibada au la kuhifadhia mali. Ukiyatazama mambo yako kwa kipimo hicho, utaona kwamba hayafanani. Mwokota korosho anayeingia ili achukue kisicho chake ana nia ya kutenda kosa tangu anapovuka mpaka. Kijana wa chini ya mwembe, akiambiwa aondoke na asirudi, kisha akarudi, anajijengea mwenyewe ushahidi wa nia ya kuudhi. Lakini mama anayepita na beseni la samaki, akapiga hodi na kuendelea na safari yake, sioni polisi wala hakimu atakayemtia hatiani, na sidhani kama wewe mwenyewe ungependa hivyo.

Ndiyo maana katazo lazima litamkwe waziwazi. Kwa wale unaowafahamu kwa jina, andika barua fupi inayosema kwamba kuanzia tarehe fulani hawaruhusiwi kuingia kwenye kiwanja chako, wape nakala mbele ya mjumbe au mwenyekiti, na nyingine ibaki ofisi ya mtaa. Wakirudi, unakwenda kituo cha polisi ukiwa na nakala, picha na shahidi, unafungua malalamiko na kupewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako pale kituoni. Anayekwenda na maneno matupu mara nyingi huambiwa akapatane na jirani yake.

Jambo moja ambalo huwaangusha wengi ni mgogoro wa umiliki. Ikiwa anayeingia anadai kwa dhati kwamba eneo hilo ni lake, shtaka la jinai haliwezi kusimama mpaka umiliki uamuliwe kwanza kwa njia ya madai. Mahakama Kuu ililisema hilo wazi katika shauri lililoripotiwa mwaka 1992, na tangu hapo limerudiwa mara nyingi. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo usipoteze muda kumfuata kwa jinai. Mpeleke Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko unaweza kuomba fidia pamoja na amri ya zuio. Usikae kimya kwa sababu ya upole, maana Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 tu ya kudai ardhi, na aliyeachiwa kwa muda wote huo atakuwa na la kusema.

Tena ujue kwamba sheria hii ya kuingia kwa jinai inamlinda anayekalia mahali. Wapangaji wengi hapa Mtwara huvumilia kero kwa kudhani kwamba ni mwenye nyumba peke yake anayeweza kulalamika, na sivyo.

Sasa misumari. Sheria inakupa haki ya kujilinda wewe, wenzako na mali yako, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo mbele yako. Ubao wenye misumari uliofichwa mchangani haupimi hatari yoyote. Unamchoma mwizi, unamchoma mtoto anayefuata mpira, unamchoma msomaji wa mita wa MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, aliyekuja kazini kwake. Aliyeutega ndiye atakayejibu kwa kujeruhi. Chupa zilizopachikwa juu ya ukuta ni jambo jingine kwa kuwa zinaonekana na hakuna anayezifikia bila kupanda. Mbwa wanaruhusiwa, ila wawe ndani ya uzio, wawe wamechanjwa kichaa cha mbwa, na kuwe na kibao. Kuwaachia mbwa wakali katika kiwanja kisicho na ua upande wa nyuma ni kuwaachia mtaani.

MamaWaUfukoni

Nawashukuru sana, mzee wangu na wewe ndugu mwanasheria. Misumari na kago nimeviondoa moyoni, na kaka yangu nimemsomea sehemu ya mbwa. Nimebakiwa na swali la wapita njia wa pwani. Nikijenga uzio kamili, njia yao itafungwa, na wazee wawili wamekwisha kuniambia kwamba walikuwa wakipita hapo tangu utoto wao. Ramani niliyonayo haionyeshi njia yoyote ndani ya kiwanja. Je, ramani inatosha?

BibiWaMtanda

Binti yangu, mimi ni mtu wa Lindi, kata ya Mtanda, na suala la njia za pwani limetugombanisha sana huku, kwa hiyo naomba unisikilize kwa makini.

Ramani ni hoja nzito na iko upande wako, lakini haitoshi kukufanya ufunge kesho asubuhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya kupita katika ardhi ya mwenzake, na inatambua pia njia za umma. Wazee waliopita hapo tangu utoto, waziwazi na bila kuzuiwa, wanaweza wakakusanyika na kudai kwamba hiyo ni njia yao. Pengine watashindwa, kwa sababu upimaji ulipofanyika njia haikuonyeshwa, na huenda ilihamishiwa mahali pengine. Hilo ndilo la kuuliza idara ya ardhi kabla ya kumwaga zege: je, mchoro wa mipango miji wa eneo lenu umetenga njia ya kwenda pwani, nayo iko wapi? Mara nyingi imetengwa, ila imeota vichaka, au kuna mtu ameijengea banda la kuku, ndipo watu wakaendelea kutumia ya zamani inayopita kwako. Ukiipata, kazi yako inakuwa nyepesi, kwa kuwa hutawaambia watu "msipite", utawaambia "njia yenu ni ile pale", na serikali ya mtaa itawajibika kuifungua. Huku kwetu kuna mahali palimalizika hivyo. Vijana waliifyeka njia iliyosahaulika, na mwenye kiwanja akawanunulia chai na mihogo.

Mpaka hapo utakapopata jibu, kama unawaruhusu majirani kupita, waambie kwa maneno yanayosikika kwamba ni ruhusa yako, na inaweza kusitishwa. Sema hivyo mbele ya mwenyekiti. Mtu anayepita kwa ruhusa hana msingi wa kudai kwamba anapita kwa haki, lakini mwenye kiwanja aliyenyamaza miaka nenda miaka rudi ndiye anayeiacha ruhusa igeuke madai. Wengi wetu tunanyamaza kwa kuona haya, tukidhani kusema ni ubaya. Si ubaya. Katiba yenyewe, Ibara ya 16, inataja heshima na hifadhi ya maskani ya mtu, na wazee wetu waliweka hodi mlangoni kwa sababu hiyohiyo.

Na kama kiwanja chako kinakaribia maji, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahifadhi mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Huwezi kupeleka uzio mpaka mchangani, hata kama aliyekuuzia alikuonyesha kwa mkono kwamba "ni mpaka kule kwenye maji".

Fundi_Mikindani

Dada, niseme kidogo kuhusu uzio wenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kabla ya kuchimba msingi chukua kibali cha ujenzi Manispaa, maana ukuta nao ni ujenzi, na nimeona kuta nzuri zikiwekewa alama ya kubomolewa kwa sababu ziliingia kwenye hifadhi ya barabara. Jenga ndani ya mstari wa bikoni. Ukitaka kuujenga juu ya mstari wenyewe, kubaliana na jirani kwa maandishi.

Kama fedha ya tofali haijatosha, usisubiri. Nguzo na seng'enge kwa pande zile mbili zilizo wazi zinaweka mpaka unaoonekana kwa gharama ndogo zaidi, na michongoma ukiipanda kandokando sasa mvua zinapokuja itashika vizuri. Watu watakushauri minyaa kwa kuwa inaota upesi, nami siipendi penye watoto, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Waya wa miiba upandishe juu, usiushushe usawa wa uso wa mtoto. Hapa kwetu pwani chumvi inaila seng'enge haraka, kwa hiyo nunua iliyopakwa zinki nzuri, hata kama inaongeza bei.

Taa moja chini ya mwembe, inayowashwa kila siku jioni, inaweza kuwaondoa vijana kabla hata ya barua, kwa sababu wanatafuta giza. Kama kuna kisima uani, kifunike na ukifunge sasa hivi, kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa mtoto wa mtu akitumbukia hakuna atakayekuuliza kwanza kama aliingia kwa ruhusa.

MamaWaUfukoni

Kisima kipo na mfuniko wake ni wa mbao tu, kwa hiyo nitaanza nacho wiki hii. Kesho kutwa ninakwenda idara ya ardhi kuuliza ile njia iliyotengwa na kumwomba mpima. Swali la mwisho, kwa ndugu Sheria_Kusini: vijana wa usiku siwafahamu kwa majina, kwa hiyo barua sina wa kumwandikia. Kaka yangu na wenzake wakiwakuta, wanaruhusiwa kuwakamata?

Sheria_Kusini

Kwa wasiojulikana, kibao pamoja na tangazo la mkutano wa mtaa ndivyo vinavyochukua nafasi ya barua, na ndiyo sababu ni muhimu muhtasari wa mkutano ule uandikwe na upate nakala.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamruhusu mwananchi kumkamata mtu anayetenda makosa ya aina fulani mbele ya macho yake, na inamruhusu mwenye mali, au aliyepewa idhini naye, kumkamata anayemkuta akiiharibu mali hiyo. Lakini aliyekamatwa lazima akabidhiwe polisi bila kuchelewa. Kumfunga kamba, kumpiga, kumnyang'anya simu au kumweka chumbani mpaka asubuhi ni makosa mapya, na safari hii yatakuwa ya kaka yako. Hapa kusini tunajua jinsi kelele za "mwizi" zinavyoweza kukusanya mtaa mzima kwa dakika chache, na mtu akifa pale hakuna atakayesikiliza habari za mwembe wala korosho. Kijana aliyekaa tu chini ya mti akinywa sishauri akamatwe na mtu yeyote wa nyumbani kwenu.

Tafuteni namba ya polisi kata na ya kiongozi wa ulinzi shirikishi wa mtaa wenu, mziweke kwenye simu ya mama pia. Vijana wakija, pigeni simu mkiwa ndani, taa ya nje ikiwa imewashwa, na mwandike tarehe na saa kila mara. Mkifika kituoni, daftari hilo mlipeleke pamoja na ile nakala ya muhtasari.